Mguu wa Kushoto

Kazi yangu ni kuvaa viatu kabla ya wenyewe kuvinunua. Ghala letu huuza viatu kwa jumla, na Bosi hakubali kuagiza kontena la aina yoyote mpaka jozi moja ipite miguuni kwangu. Naivaa siku kumi na nne, kwenda kazini na kurudi nyumbani, kwenye lami, kwenye changarawe, kwenye ngazi za ghala. Nakunja soli, navuta mishono, naloweka kwenye ndoo. Siku ya mwisho cha kulia kinawekwa kabatini kiwe kumbukumbu, na cha kushoto nakipasua kwa kisu toka kisigino hadi kidoleni, nione tumbo lake. Kisha naandika karatasi moja: kiingie, au kisiingie. Nina miaka kumi na mmoja katika kazi hii na sijawahi kudanganywa na kiatu. Watu wamenidanganya, tena sana, lakini si kiatu.

Kazi yenyewe niliipata kwa sababu ya mguu mkubwa. Sampuli za kiume huja namba arobaini na mbili, na mimi mwanamke mzima navaa hiyo hiyo. Nyumbani kwetu mguu haukumpita mtu kando. Mdogo wangu wa kiume naye alivaa namba hiyo hiyo, na tulipokuwa vijana tuligombania viatu kama watu wengine wanavyogombania kitanda.

Siku hiyo Bosi alikuja mezani kwangu na boksi, anacheka mpaka magego yanaonekana.

"Fundi, fumba macho."

"Kazini sifumbi macho. Weka hapo."

Akafungua mwenyewe, maana hakuweza kungoja. Zilikuwa raba za mpira wa kikapu, zile zenyewe: nyeupe, shingo ndefu inayofunika kifundo, mistari miwili myekundu ubavuni, soli nene ya rangi ya maziwa. Mtu yeyote wa rika letu anazijua. Enzi zetu aliyekuwa nazo hakutembea, alipita. Za asili ziliacha kutengenezwa zamani, na zilizobaki wenye nazo wamezifungia kwenye vioo kama vyombo vya wageni. Sasa kiwanda kimoja kilikuwa kimetoa za bei ya mwananchi, na Bosi, ambaye ujanani alizikosa, alikuwa ameshavua kiatu chake.

"Tazama," akasema, akiingiza mguu na kutembea hatua mbili mbele ya meza. "Laini. Imara. Utasema nimezaliwa nacho."

"Umevaa vyote viwili?"

"Nimevaa cha kulia. Kwani cha kushoto kina dini nyingine?"

Sikushangaa, ndivyo biashara yetu ilivyo. Wakala anazunguka na mkoba wa viatu vya kulia vitupu ili mzigo uwe mwepesi. Dukani kinachoanikwa nje ni cha kulia, mwizi asipate jozi. Mnunuzi anaingiza mguu wa kulia, anapiga hatua mbili, anatikisa kichwa. Cha kushoto kinabaki kwenye boksi hadi kifike nyumbani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na katika ghala lile mwenye kulalia kitanda kizima nilikuwa mimi peke yangu.

Nikakitoa cha kushoto kwenye karatasi yake. Ubavuni, karibu na kifundo, palikuwa na mishono tisa ya uzi mwekundu iliyokaa upande, na wa sita ulikuwa mrefu kuliko mingine. Nikakitazama cha kulia mguuni kwa Bosi. Hakikuwa nayo.

"Urembo huo," Bosi akasema.

Haukuwa urembo. Mishono ile niliishona mimi.

Niliishona miaka sita nyuma, nimekaa kizingitini kwetu, kwenye raba ya asili ya mdogo wangu. Jina lake la mtaani lilikuwa Mlingoti, kwa urefu wake, na alikuwa mchezaji hodari wa kikapu mpaka siku alipoanguka vibaya kwenye uwanja wa saruji. Mguu wa kushoto ulivunjika, ukaunga, lakini ukaunga mfupi. Raba ikawa inamchanika upande ule kwa jinsi alivyoiburuta. Sikuwa na uzi mweupe, nikatumia mwekundu. Nilipofika mshono wa sita alinichekesha, mkono ukateleza, uzi ukapitiliza. Alikuwa akiiga sauti yangu, anamwambia Mama aliye ndani, "Mama, mimi nimeshiba, chakula changu mpe Mlingoti." Aliniiga hivyo tangu utotoni, na aliniiga sawasawa, hata mimi mwenyewe nilikuwa nageuka.

 Nikaivuta soli ya ndani ya kile kiatu kipya, nikiomba nisikute kitu, na nikakuta. Chini ya kisigino kulikuwa na kabari ya sponji iliyobandikwa kwa gundi ya kiwandani, na katikati ya kabari kulikuwa na tundu dogo la mviringo. Kabari ya kwanza niliikata mimi, niinue kile kisigino kifupi. Niliikata kwenye mkanda wa marehemu baba, na tundu lile lilikuwa la kufungia mkanda. Sasa mashine ilikuwa imelitoboa upya, safi, kwenye kila jozi itakayotoka.

Nikampigia simu wakala. Akajibu kwa majivuno.

"Dada, za asili hazipatikani. Tulibahatisha jozi moja nzuri kwenye mitumba, mafundi wetu wakaifungua, wakanakili kila kitu mpaka uzi. Sisi hatubadilishi kitu!"

"Hamkuona kwamba cha kushoto kilikuwa kimerekebishwa?"

"Mafundi wanasema ndivyo zilivyokuwa za zamani. Wazee walijua kazi, dada."

Niseme na hili, maana bila hili nitakuwa nasimulia nusu. Mlingoti alifariki miaka minne iliyopita, homa ya siku tatu tu. Raba zake zilirudi kutoka hospitali ndani ya mfuko wa plastiki. Mama aliniambia nizihifadhi. Nikaziweka kabatini, na kila nilipofungua kabati nilimwona. Wiki haikuisha, akapita mnunuzi wa vitu vikuukuu na gunia lake, nikampa. Kwa Mama nilisema zipo. Mama haoni tena, presha ya macho ilimaliza kila kitu, kwa hiyo uongo wangu haukuhitaji ufundi.

Nilitakiwa kumwambia Bosi palepale kwamba kile ni kiatu cha mlemavu mmoja na mtu wa miguu mizima akikivaa atachechemea. Nilifungua mdomo kabisa. Nilichosema ni, "Nipe siku zangu kumi na nne."

Tunakaa vyumba viwili mwishoni mwa ukumbi mrefu wa saruji wenye milango kumi na miwili. Mama hukaa kwenye kiti kinachotazama mlango, akipinda nguo za watu kwa sindano, maana alikuwa mshonaji na vidole vyake havikupofuka. Watu wote wa ukumbi ule anawajua kwa miguu. Yule ni nesi, yule ni mlinzi na mabuti yake, yule ni mlevi lakini leo hajanywa. Mlingoti alipokuwa akiingia huku anaiga sauti yangu, hakufanikiwa hata siku moja. Mama alimwambia, "Sauti hudanganya, baba. Mguu haudanganyi."

Mimi hatua zangu ni za haraka, chapachapa, kama mtu aliyeacha chungu motoni. Kwa hiyo kabla sijagusa kitasa, kila siku ya Mungu, namsikia ndani: "Karibu, Chapuchapu." Hilo ndilo neno tamu pekee nililokuwa nalipata. Mama si mtu wa maneno matamu, anayatumia kama mwenye presha anavyotumia chumvi. Chumvi yote ilikwenda kwa Mlingoti, kitinda mimba. Zamani nilisema sikujali. Nilijali, tena sana, na hiyo karibu ya jioni nilikuwa naifuata mbio toka kazini.

Siku ya kwanza ya kuvaa zile raba nilifika kona ya kwanza tu nikajua. Kabari ilininyanyua kushoto, mguu ukawa mrefu mno kurusha, nikawa natua kwa kulia na kuburuta kwa kushoto. Pu, swaa. Pu, swaa. Ndani ya kiatu kidole gumba kilikaa kwenye kishimo ambacho hakikuwa changu. Watu walinipisha njia. Mwanamke mmoja wa mtaani alinitazama mgongoni, kisha usoni, akaangalia pembeni haraka.

Nilipoingia ukumbini mlio ule ulijaa kuta zote. Nilikusudia kuzivua mlangoni. Ndani nikasikia mkasi ukianguka sakafuni. Nikafungua, nikamkuta Mama amesimama, Mama ambaye kwa miezi mitano hakuwa amesimama bila kushikwa.

"Umechelewa, baba," akasema.

Ilitosha nijibu, ni mimi, Mama. Maneno matatu tu. Lakini uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona ukifungukia upande wangu, nikashindwa kuufunga.

"Usijibu, najua huwezi," akasema. "Kaa. Dada yako bado yuko kazini."

Nikakaa kwenye kiti cha Mlingoti. Alinisimulia habari za ukumbi mzima, kicheko juu ya kicheko. Aliponyamaza nilitoka polepole, pu, swaa, hadi mwanzo wa ukumbi. Nikavaa kandambili zilizokuwa mkobani, nikarudi chapachapa.

"Karibu, Chapuchapu. Mdogo wako alikuwa hapa."

"Mama, Mlingoti alishafariki."

"Kwani nimesema yu hai? Nilimzika na wewe ulikuwepo. Nimesema alikuwa hapa." Akanyoosha mkono. "Nipe chakula, nina njaa."

Alikula akamaliza sahani. Na mimi mtaalamu wa kusema kweli juu ya viatu, nilinyamaza.

Ikawa hivyo kila siku. Naingia mara mbili, kwanza yeye, halafu mimi. Mama akaanza kutembea mpaka dirishani bila mkongojo. Akaniuliza nguo yake ya kutokea iko wapi. Mimi nilikuwa najiambia navaa kwa ajili yake, na siku mbili za kwanza ilikuwa kweli. Siku ya tatu akamwambia Mlingoti, yaani mimi, neno lililonikalisha wima.

"Dada yako alivigawa viatu vyako. Nilijua siku ileile, nilisikia kabati likifungwa tupu. Sikumlaumu. Na mimi ningekuwa na macho ningefanya hivyohivyo."

Siku ya sita akasema, "Kuna mwanamume alikuja mara mbili kumposa. Dada yako alimkatalia palepale kizingitini, kwa kunong'ona, akidhani sisikii. Alikataa kwa ajili ya macho yangu. Mtu anamwambiaje mwanawe asante kwa kitu kama hicho? Ulimi wangu kwake ni mzito, baba. Kwako haukuwa mzito, ndio ubaya wenyewe."

Nilijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Machozi yalinitoka mpaka yakalowesha kamba za raba. Miaka arobaini na mmoja nimengoja maneno hayo, na yalipofika hayakupewa mimi. Lakini niliyasikia, na mwenye kiu haulizi kikombe ni cha nani.

Kwa hiyo siku ya kumi na nne ilipofika nilimwambia Bosi, "Bado."

"Bado nini? Hujawahi kuzidisha siku."

"Soli ina jambo. Nipe kumi na nne nyingine."

"Kizuri chajiuza, Fundi. Mbona hiki wewe unakitembeza sana?" Akacheka peke yake akaenda zake.

Mambo niliyaona mapema, siwezi kusema sikuyaona. Kusoma soli ndiyo kazi yangu. Siku ya tisa niligeuza kandambili zangu kuzisafisha nikakuta ya kushoto imelika ncha. Nikasema ni changarawe. Siku ya kumi na mbili nilimwona mtoto wa jirani akinifuata ukumbini, ananiiga kuchechemea, na mimi nilikuwa pekupeku. Nikamfokea, akakimbia.

Siku ya kumi na sita nilipanda juu ya kiti nikashusha viatu vyangu vya zamani toka juu ya kabati, vile vya harusi ya binamu yangu, ambavyo sikuvigusa miaka mitatu. Vumbi lilikuwa juu yake, zito, halina alama ya kidole. Nikavigeuza. Maisha yangu yote mimi hula kisigino upande wa nje, kulia na kushoto sawasawa. Cha kulia kilikuwa kimelika kidogo kisiginoni, mahali pa mtu atuaye kwa kishindo. Cha kushoto kilikuwa kimekwaruzwa ncha yote hadi kwenye uzi, kama kimeburutwa mwaka mzima. Nikavirudisha juu, nikashuka kitini. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa kama sijawahi kuogopa kitu kilicho ndani ya nyumba yangu.

Hata hivyo kesho yake nilizivaa tena zile raba. Mama alikuwa amesema, "Kesho nitakwambia kuhusu siku dada yako alipozaliwa." Nani angekosa hiyo?

Siku ya ishirini niliingia na kandambili baada ya Mlingoti kuondoka. Nilisubiri ile karibu yangu ya kila jioni. Haikuja. Nikagusa kitasa, nikafungua, Mama ameinamisha kichwa anasikiliza.

"Karibu... nani?"

"Mimi, Mama."

"Aa. Umechoka leo, Chapuchapu. Unaburuta."

Siku ya ishirini na tatu nilirudi ukumbini, nikiwa nimeshavua raba na kuzificha mkobani, nikajitahidi kwenda mbio kabisa. Nilizisikia hatua zangu mwenyewe zikigonga kuta. Pu, swaa. Nikaharakisha, zikaharakisha, lakini mlio haukubadilika.

"Umesahau nini, baba?" Mama akauliza. "Si umetoka sasa hivi?"

"Mama, ni mimi."

Akacheka mpaka sindano ikamponyoka. "Acha mchezo wako! Miaka yote hii hujaacha?"

"Mama, ni mimi, Chapuchapu, nimetoka kazini."

"Sauti hudanganya," akasema, bado anacheka. "Umeipatia lakini. Umeipatia kweli."

Nililala bila kula. Asubuhi nilikwenda ghalani kabla ya Bosi, nikaweka cha kushoto juu ya ubao, nikachukua kisu. Kisu changu hukata soli mpya kama mkate. Safari hii kilikwama kwenye kabari, mahali pa lile tundu, nikalazimika kukiegemea kwa uzito wangu wote. Kiatu kilipofunguka, sponji ya ndani ilikuwa na joto. Si joto la mguu wangu. Sikuwa nimekivaa tangu jana yake jioni.

Bosi alinikuta nimekaa chini.

"Kisiingie," nikamwambia. "Cha kushoto kina kabari. Kimenakiliwa toka kwa mtu mmoja aliyevunjika mguu. Atakayekivaa atachechemea."

"Jozi moja mbovu si kontena zima."

"Zipo jozi tano nyingine alizoleta wakala, ofisini kwako. Vaa yoyote. Vaa vyote viwili."

Akaenda akavaa, kwa kiburi, ili anioneshe. Nilimsikia akitoka ofisini: pu, swaa, pu, swaa. Katikati ya safu za maboksi akasimama. Akageuka nyuma kwa ghafla, akatazama njia tupu aliyoipita. Kisha akaketi juu ya boksi na kuzivua haraka, akavunja kucha kwenye kamba.

"Nani alikuwa nyuma yangu?" akauliza.

"Hakuna mtu, Bosi."

"Andika kisiingie," akasema. Siku nzima hakufanya utani hata mmoja, na kontena halikuja.

Nilichukua viatu vipya toka rafu ya vile nilivyovipitisha zamani, vyeusi, vya shule, vya heshima, visivyo na siri yoyote tumboni. Niliwahi kutembea na jozi ya aina hiyo siku kumi na nne na kuandika kwamba vinamfuata mvaaji alivyo. Nikavivaa nikaenda nyumbani mchana kweupe. Njiani nilikuwa najiambia kiatu kimepasuliwa, kimekwisha. Sikutazama chini. Barabarani kuna kelele nyingi, unaweza usijisikie.

Ukumbini hakuna kelele.

Pu, swaa. Nilisimama. Nikavua viatu, nikaendelea na soksi tu, taratibu, kama mwizi nyumbani kwao. Saruji ilikuwa ya baridi, na mguu wangu wa kushoto ulipita juu yake ukinong'ona mpaka mlangoni.

"Karibu, baba," Mama akasema.

Nikapiga magoti mbele yake. "Mama, sikiliza. Mlingoti alikufa. Mimi ndiye niliyekuwa naingia. Nilivaa viatu vyake, nilikudanganya, nisamehe. Ni mimi binti yako."

Alitabasamu kama mtu anavyomtabasamia mtoto mtundu. "Na kilio chake umekiiga leo. Hicho hukukiweza zamani."

"Nishike basi. Shika mguu. Vidole vyako vinajua."

Nikauweka mguu wangu wa kushoto mapajani mwake. Vidole vile vinavyojua upindo wa kila nguo ya mtaa vikapita kisiginoni, vikapita wayo, vikafika chini ya kidole gumba, vikasimama.

"Sugu yako hiyo," akasema kwa upole. "Iko palepale."

Sijawahi kuwa na sugu pale. Niliinama nikatazama. Ilikuwepo, ngumu, ya manjano, ya miaka mingi.

Mama akaupapasa ule mguu, akaufuta vumbi kwa upindo wa kanga yake, akaushusha sakafuni.

"Sikia, baba. Nina wasiwasi na dada yako. Tangu juzi sijamsikia akiingia. Yeye hachelewi, hata mvua inyeshe vipi." Akaipapasa sindano yake. "Yale niliyokuwa nakwambia siku zote hizi, unadhani nilikuwa nakwambia wewe? Nilikuwa nafanya mazoezi. Kwako maneno hutoka, nikasema yakishazoea njia nitamwambia mwenyewe. Na sasa ninayo yote, hapa mdomoni. Leo akiingia tu simwachi akae. Nitamwambia amesimama hapohapo mlangoni."

Nikasema, "Mama." Akaweka kidole mdomoni.

"Nyamaza, tutashindwa kumsikia. Nenda kafungue mlango, uache wazi."

Toka kwenye kiti hadi mlangoni kwetu ni hatua tano. Nikainuka nikaenda kuufungua, na Mama akazisikiliza zote.